Laki tatu ya mdogo wangu: platifomu ya simu, biashara ya mtandao au kikoba?

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu anayeendesha bodaboda Ngarenaro kule Arusha kanipigia saa nne usiku, na yule mtoto ukiona amepiga badala ya kubipu ujue kuna hela imeingia au imetoka. Safari hii imeingia. Kauza pikipiki yake ya zamani, kalipa madeni, kabakiwa na laki tatu, na kabla hata haijapoa mkononi tayari kuna watu wanaimezea mate. Mteja wake mmoja wa Njiro anamvuta kwenye platifomu ya simu, unaweka laki tatu unapata elfu kumi kila siku. Dada mmoja wanasali naye anamwita kwenye biashara ya mtandao, kahawa na virutubisho. Na mimi dada yake nipo Moshi, nauza mitumba Memorial, halafu ni mweka hazina wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, kwahiyo na mi nina upande wangu, nasema mapema msije mkasema nimewavizia.

"Dada we niambie tu, ipi?" Nikamwambia usiku huu sikuambii kitu, nipe siku mbili nikuandikie. Nikaanza kuandika nikaona inakuwa ndefu na si yeye peke yake anayeulizwa hili swali, ndo nikaiweka hivi.

Tuanze na majina maana hapo ndo wengi tunapigwa. Neno upatu lina kazi mbili. Mama yangu kule Kibosho kacheza upatu na wenzake tangu sijazaliwa, wanachanga anapewa mmoja, wiki inayofuata mwingine, hakuna askari aliyewahi kuwauliza. Lakini ukisikia Benki Kuu inatangaza au hakimu anasoma "biashara ya upatu", hapo wanaongelea piramidi, ile ya kulipwa kwa kuingiza watu wapya, na hiyo ni kosa la jinai lipo kwenye Kanuni ya Adhabu. Sasa mtu wa piramidi anajua huo mkanganyiko, anakuja anakuambia mbona hata mama zetu wanacheza, na we unalegea. Hiyo ya mama mi ntaiita mchezo tusichanganyane. Halafu "biashara ya mtandao" nayo watu wanadhani ni intaneti, hapana, mtandao pale ni wa watu, huyu kamleta yule, yule kamleta yule, inaweza ikaendeshwa bila hata simu.

Haya, platifomu. Nikamuuliza mdogo wangu hiyo kampuni inafanya nini mpaka ikulipe elfu kumi kwa siku, akaniambia unaingia unalaiki picha za hoteli. Nani analipa kwa hizo laiki? "Hoteli zenyewe dada." Hoteli gani? Kimya. Arusha imejaa hoteli, toka hapo ulipo nenda kaulize mapokezi yoyote kama wanamlipa mtu elfu kumi kwa siku alaiki picha yao, wakikujibu ndiyo nipigie mi mwenyewe nahamia huko.

Ngoja tupige hesabu maana hii ndo inayoniuma. Elfu kumi kwa siku ni laki tatu kwa mwezi, yaani kila mwanachama kila mwezi anatakiwa kulipwa hela sawasawa na aliyoingilia. Kama hamna biashara nyingine, hela hiyo inatoka kwa mtu mpya. Kila mmoja aliyemo anahitaji mpya mmoja kila mwezi. Wameanza watu 1,000, mwezi wa kwanza ukiisha lazima wawe 2,000, wa pili 4,000, wa tatu 8,000, wa nane wamefika 256,000, na manispaa nzima ya Moshi kwenye sensa ya 2022 tulikuwa laki mbili na ishirini na kitu pamoja na vichanga. Endelea tu, mwezi wa kumi na sita inatakiwa watu milioni 65 na nusu. Tanzania nzima bara na visiwani sensa ilileta milioni 61.7. Kwahiyo siyo suala la mwenye platifomu kuwa mwema au mwizi, hata angekuwa malaika watu wanaisha.

Na angalia kitu kingine hapo, kila mwezi nusu ya wote waliomo ni wageni wa mwezi huohuo. Maana yake hata ikianguka lini, nusu ya watu hela yao haijarudi, na hapo sijahesabu wale waliopata wakarudisha ndani na nyongeza juu. Watu wanajifariji "mi ntaingia mapema nitoke mapema", sawa, mapema ni lini? Uliyeambiwa na mteja wa Njiro ambaye kaambiwa na shemeji yake wa Dar, mapema ilishapita zamani.

Wataalamu wanatenganisha hapa mambo mawili na kwa kuchagua inasaidia kidogo. Kuna piramidi yenyewe ambayo lazima ulete watu ndo ulipwe, na kuna ile inaitwa Ponzi ambayo hulazimiki kuleta mtu, unakaa tu unangoja "faida" na mwenye mradi ndo anazungusha hela ya wapya kuwalipa wa zamani. Jina limetoka kwa Charles Ponzi, Mtaliano aliyehamia Marekani, mwaka 1920 pale Boston aliahidi asilimia 50 ndani ya siku 45, eti ananunua kuponi za posta nchi za nje anabadilisha kwa faida. Kuponi alizonunua zilikuwa chache mno, alikuwa analipa watu kwa hela za watu. Hizi za simu za siku hizi mara nyingi ni mseto, elfu kumi kwa siku ni Ponzi na bonasi ya kualika ni piramidi. We unakatwa na visu viwili.

Kinachowaponza watu ni kwamba mwanzo inalipa kweli. Jirani yangu hapa sokoni, anauza viatu, aliingia moja akatoa hela mara tatu, mara tatu kwa macho yangu nimeona meseji ya muamala. Nikaanza kujiona mjinga. Si ndo nia yake? Ile meseji ya muamala ndo tangazo lao, hela yake mwenyewe inarudi kidogokidogo na ya wengine kidogo, naye anazunguka soko zima anaonyesha simu. Akaweka ya ada ya mtoto. Mara ya nne kubonyeza kutoa wakamwambia mfumo uko kwenye maboresho, halafu wakasema lipia uhakiki kwanza ndo utoe, akalipia, halafu kundi la wasapu likafungwa. Salio lake bado analiona mpaka leo, milioni moja na laki sita, limekaa tu kwenye skrini kama picha ya ukutani.

Na siyo mambo mapya nchi hii. DECI mmeisahau? Watu walikuwa "wanapanda mbegu", yaani kuweka hela, na "kuvuna", viongozi wake wachungaji, serikali ikaja kuisimamisha 2009 na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani vinara wake. Lugha ya shambani kwa watu wa shambani, mi nawapa sifa kwa hilo. Mwanzoni mwa 2025 ikawa LBL, watu wanaangalia matangazo ya filamu wanalipwa, Benki Kuu ikatoka ikasema hawana leseni. Kutoka mbegu mpaka filamu mpaka laiki za hoteli, hesabu ileile.

Watakuonyesha cheti. Hapa naomba usome taratibu. Cheti cha BRELA kinasema kampuni imesajiliwa, basi, hata mimi nikitaka kesho nasajili kampuni ya mitumba. TIN inasema wanatambulika TRA. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachompa mtu ruhusa ya kukusanya hela za umma na kuahidi faida. Kupokea amana za watu kunahitaji leseni ya Benki Kuu, na mfuko wa uwekezaji unahitaji idhini ya CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sasa ukiona mtu anatingisha cheti cha BRELA kama hirizi, muulize tu cha Benki Kuu kiko wapi, utaona anavyohama mada.

Tuje kwa dada wa kanisani na kahawa. Hii ni tofauti na haki yake lazima nimpe, biashara ya mtandao siyo piramidi moja kwa moja. Kuna bidhaa, kuna kampuni, bidhaa unaweza ukainywa. Kwa sheria tofauti iko kwenye chanzo cha malipo: ukilipwa kwa sababu bidhaa imeuzwa kwa mnywaji ni biashara, ukilipwa kwa sababu mtu kaingia kanunua paketi ni piramidi imevaa aproni. Marekani walibishana hili miaka na miaka. Mwaka 1979 tume yao ya biashara ilisema Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, siyo piramidi, na sababu kubwa ni masharti waliyojiwekea: msambazaji auze angalau asilimia 70 ya mzigo aliochukua, aonyeshe kauzia wateja 10 tofauti kwa mwezi, na kampuni inarudisha mzigo ukishindwa. Hizo tatu kariri, uwaulize wakikuita kwenye ukumbi wa hoteli hapo Arusha. Mwaka 2016 tume ileile ikaibana Herbalife, nayo kampuni ya namna hiyo, wakalipa dola milioni 200 na kuamriwa wapange upya malipo yaendane na mauzo ya kweli kwa wateja, na baadaye watu kama 350,000 wakatumiwa hundi za kurudishiwa. Kwahiyo hata kampuni kubwa yenye bidhaa halali inaweza kukutwa imetegemea zaidi kuingiza watu kuliko kuuza.

Mi mwenyewe niliwahi kuingia, 2019, kampuni siitaji. Niliitwa kwa staili ileile wanayomwita mdogo wangu, "kuna kitu nataka nikuonyeshe ila siwezi kukuelezea kwa simu, vaa vizuri." Ukumbi, muziki, mtu kavaa suti anaonyesha picha ya gari na kusema alikuwa anauza karanga stendi. Kiingilio elfu tano, sikujiuliza kwanini nalipia kusikiliza tangazo. Nikanunua paketi ya kuanzia. Kilichonifundisha ni mambo ya chini ya meza ambayo hawayasemi siku ya kwanza.

La kwanza kuwa aktivu. Ili ulipwe kamisheni ya watu wako kila mwezi lazima na we ununue mzigo wa pointi kadhaa, tuseme elfu sitini. Hujauza wa mwezi jana? Nunua tu, usikose aktivu. Kwa mwaka hiyo ni laki saba na ishirini, zaidi ya mara mbili ya hiyo laki tatu yote. Kumbe mteja mkubwa wa kampuni nilikuwa mimi. La pili miguu miwili, watu wa chini yako wanagawanywa makundi mawili, una mguu wa kushoto na wa kulia, unalipwa kwa kuangalia mguu dhaifu, mguu wangu wa kushoto aplaini wangu, yule aliyeniingiza, kaujaza watu umenona, wa kulia nilitakiwa niujenge mimi na ulikuwa na shangazi na mtu mmoja aliyebadilisha namba. La tatu, ukishindwa kosa ni lako. Hukuamini vya kutosha, hukuhudhuria semina, una marafiki wenye mawazo hasi. Mama yangu akawa "mawazo hasi".

Na jamani, kahawa. Nilikuwa nauza kahawa ya pakiti yenye unga wa uyoga kutoka ng'ambo, namuuzia nani? Mtu wa Kibosho mwenye mibuni nyuma ya jiko. Baba mdogo aliniangalia, akaangalia lile boksi, akaniuliza bei, akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini nimeona waliofanikiwa, nao wapo. Kuna mama mmoja hapa Majengo anauza dawa ya meno na sabuni za kampuni ya namna hiyo miaka mingi, hajawahi kuniambia nijiunge, ana wateja wake anawazungukia kwa miguu, faida ni ile ya kununua bei ya chini na kuuza ya juu. Yule ni mchuuzi. Ukimwondolea mtandao wote bado anauza. Hicho ndo kipimo nilichompa mdogo wangu: hiyo kahawa ungeiuza dukani bila kumwalika mtu hata mmoja, kwa bei hiyo, pembeni yake kuna kahawa nyingine? Kama jibu ni hapana basi unachouza siyo kahawa, unauza nafasi ya kuuza kahawa, na nafasi nazo zina ukomo kama watu wa mwezi wa kumi na sita. Kila mtu akileta sita, kwenye kila sita kama watano wako mstari wa mwisho hawana mtu chini yao. Semina haibadilishi hilo.

Ah na kingine, wakikuambia kinatibu sukari na presha na kila kitu, dawa nchini inasajiliwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, muulize namba ya usajili. Nimeshaona mtu kaacha vidonge vya presha kwa ajili ya virutubisho na hiyo habari haikuisha vizuri, sitaki kuiongelea.

Sasa upande wangu, na hapa nichekeni. Kikoba hakikupi elfu kumi kwa siku, hakikupi hata elfu kumi kwa mwezi wa kwanza. Laki tatu yako hata hatuipokei kwa mkupuo. Hisa yetu elfu tano, mwisho hisa tano kwa wiki, kwahiyo elfu ishirini na tano, laki tatu itaingia ndani ya wiki kumi na mbili. Mdogo wangu aliposikia hivyo akasema "dada mnatembea kama konokono." Ndiyo. Ila hela ikikaa inakopeshwa kwa watu walewale tunaoonana nao Jumapili, wanalipa riba tuliyokubaliana wenyewe, na Desemba tukivunja kila mtu anapata hisa zake na kipande cha riba. Mwaka jana hisa ya 5,000 ilirudi 6,150. Na we ukishafika laki tatu unaweza kukopa mpaka mara tatu yake, laki tisa, hapo ndo kikoba kina maana, siyo kwenye hela kuzaa faida. Chanzo cha hela kinaonekana: mama Neema kakopa kanunua nguruwe, kauza kiti moto, kalipa.

Mabaya yake nayaweka wazi. Watu wanashindwa kulipa, tumewahi kubeba sofa ya mtu na aibu ile hainitoki. Kuna vikoba viongozi wamekimbia na sanduku, ndo maana letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, na mimi mweka hazina sina hata mmoja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi visajiliwe, chetu kimesajiliwa halmashauri, kikoba kisichotaka kusajiliwa na kina watu mia mbili wasiojuana kwenye wasapu, hicho siyo kikoba ni platifomu imevaa kanga.

Mchezo ni mwepesi zaidi. Watu kumi, elfu thelathini kila wiki, kila mtu atatoa laki tatu na atapokea laki tatu, hamna faida hata senti. Unachopata ni hela nzima kwa mpigo, kama una jambo. Hatari yake mtu kupokea namba moja akapotea, ndo maana kijumbe, yule anayekusanya na kupanga zamu, anampa mtu mpya namba za mwisho. Lakini ona tofauti yake na piramidi, mchezo una watu kumi na wiki kumi na unaisha, haumhitaji mtu wa kumi na moja.

Kwa asiyetaka vikao wala kudaiana na jirani, kuna mifuko kama ya UTT AMIS, hiyo ni ya serikali, ina faida inayocheza kwenye asilimia kumi na kitu kwa mwaka, unaingilia kwa simu na hela yako unaitoa kwa utaratibu wao. Kwa mwaka, nimesema. Mtu wa Njiro anaahidi asilimia 100 kwa mwezi. Kama kweli anajua kuzalisha hivyo, benki zipo Boma Road zinakopesha kwa asilimia kumi na kitu kwa mwaka, kwanini asiende kukopa huko atajirike peke yake, amefuata laki tatu ya bodaboda ya kazi gani?

Swali lililomgusa zaidi mdogo wangu lakini halikuwa la faida. Nilimuuliza, ukiamka kesho mtoto anaumwa unataka hela yako, unaenda kwa nani? Platifomu, unaandikia namba ya wasapu yenye picha ya mzungu. Kahawa, una maboksi kumi ambayo kampuni labda inarudisha labda hairudishi, ila aplaini wako atakuambia usikate tamaa. Mchezo, unamwomba kijumbe mbadilishane namba na mtu, mara nyingi inawezekana. Kikoba, hisa hazitoki katikati ya mzunguko kirahisi ila tuna mfuko wa jamii, unapewa siku hiyohiyo kwa ugonjwa, na mkopo wa dharura upo.

Akauliza je nikiwa nimekopa? Hapo nikapandisha sauti. Kuna watu wanachukua kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kuingia kwenye hizi fursa, riba inakula kila wiki wakati "faida" iko kwenye skrini. Hapana kabisa, hata kwa kikoba chetu usije na hela ya kausha damu.

Basi alikaa siku tatu hajibu. Nimejua baadaye alienda kwa yule mteja wa Njiro akamuuliza hoteli gani, mteja akakasirika, wakagombana kidogo na safari akamlipa nusu. Dada wa kanisani naye alimuuliza kama kampuni inarudisha mzigo, akajibiwa atauliza kwa lida wake, mpaka leo bado anauliza. Laki na nusu kanunulia tairi na betri ya pikipiki aliyonayo, elfu ishirini na tano kaleta Jumapili iliyopita kwa basi la asubuhi, hisa tano, nikamwandikia kwenye kitabu. Iliyobaki hataki kuniambia iko wapi.